Njia ya stoo yako imezibwa: unamdai nani?



Wiki iliyopita dada mmoja aliingia inboksi. Anauza viatu vya mtumba mtandaoni. Stoo yake ni chumba alichopanga kwenye nyumba ya nyuma, na ili utoke barabarani ufike pale lazima ukatize pembeni ya kiwanja cha mama mmoja aliyeko mbele. Njia yenyewe ina upana wa kama mita mbili, watu wanapita hapo miaka yote. Sasa kuna jirani wa tatu anajenga. Kamwaga kokoto katikati ya njia, kalaza nondo, na juzi kaleta kontena la vifaa. Bodaboda hawafiki. Wateja waliolipia wanataka mzigo wao au hela yao irudi leo hii.

Dada wa watu akaenda kwa yule mama mwenye kiwanja, wakagombana mpaka majirani wakatoka nje. Mama akamwambia: "Mwanangu, mimi sijakukataza kupita. Si mimi niliyeziba. Nenda kwa mwenye kokoto zake."

Swali lake kwangu: "Si yeye ndiye mwenye ardhi? Si wajibu wake kuniondolea?"

Jibu litawashangaza wengi. Yule mama yuko sahihi, kwa sehemu kubwa. Ardhi ni yake, lakini deni si lake. Na kwa kugombana naye, dada yetu kapoteza wiki nzima, na karibu apoteze shahidi wake bora.

Mimi si wakili, nauza kama nyie. Ila jambo hili limewasumbua wengi humu, nimelisoma na kuwauliza wanaolijua, kwa hiyo nalieleza kwa lugha yetu. Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ardhi, na wenzetu wa Kenya nitawagusa kidogo huko chini.

Kwanza jua njia yako ni ya aina gani, maana watu wengi wanaita kila kitu "njia" halafu wanashangaa kila ofisi inawarudisha.

Kuna barabara ya umma. Hii iko kwenye ramani ya mipango miji, ni ya kila mtu, haina mwenye kiwanja. Za mitaani kwa kawaida ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Mtu akimwaga mchanga au akiweka kibanda hapo, hujaingia kwenye ugomvi wa jirani na jirani. Unaripoti serikali ya mtaa, halmashauri, TARURA. Wao ndio wenye mamlaka ya kumwambia aondoe. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote nenda kaulize kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri kama huo uchochoro wenu upo kwenye ramani. Unaweza kukuta mmekuwa mkibembelezana miaka yote kuhusu kitu ambacho ni barabara halali.

Aina ya pili ni haki ya njia juu ya ardhi ya mtu mwingine. Hapa ardhi ina mwenyewe, ana hati yake au leseni yake ya makazi, lakini kiwanja cha nyuma kina haki ya kupita juu yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitambua haki hii. Inaandikwa kwenye waraka rasmi na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Shika hili: haki hiyo inashikamana na ardhi, haishikamani na mtu. Kiwanja cha mbele kikiuzwa, mnunuzi anakichukua pamoja na huo mzigo. Kiwanja cha nyuma kikiuzwa, mnunuzi anapata na njia.

Ya tatu ni ruhusa tu. Mzee wa mbele ni mtu mwema, kakwambia "pita tu mwanangu, hakuna shida." Hapo huna haki ya njia, una hisani. Na hisani inakufa na mwenyewe. Hizi ndizo zinazotuumiza sisi wa mitaa isiyopimwa. Mzee anafariki, watoto wanauza, mnunuzi mpya anakuja na fundi na tofali, ukuta unapanda ndani ya siku tatu. Ukienda kulalamika anakuuliza: karatasi yako iko wapi? Ukishakuwa unampa mtu elfu kumi kila mwezi ili akuachie upite, au umemwandikia meseji ya "asante kwa kuniruhusu", ujue hiyo inaonyesha unapita kwa ruhusa. Silaumu mtu kulipa, biashara lazima iende, lakini usije ukaamini umenunua njia.

Matumizi ya muda mrefu nayo yana uzito wake kama mmepita waziwazi, kwa amani, bila kuomba mtu. Kenya sheria yao ya ukomo wa muda inataja kabisa: miaka 20 ya kupita hivyo bila kukatizwa, njia inakuwa haki yako. Ndiyo maana wazee wa mtaa ni mali. Mzee anayekumbuka njia ilivyokuwa enzi hizo anaweza kukufaa kuliko karatasi kumi. Mfuate mapema, mpe shikamoo yake, muulize, uandike alichosema na tarehe.

Sasa turudi kwenye swali la msingi. Tuseme njia yako ni ile ya aina ya pili, haki kamili. Imezibwa. Hapo kuna watu watatu mbele yako, na kila mmoja anadaiwa kitu tofauti. Ukiwachanganya, unampigia kelele asiyehusika huku anayehusika anaendelea kumwaga zege.

Mwenye kiwanja ambacho njia inapita anadaiwa kitu kimoja: asizuie. Basi. Wajibu wake ni wa kutofanya. Asijenge juu ya njia, asifunge, asiibane mpaka isipitike. Lakini halazimiki kufanya kazi kwa ajili yako. Njia ikiota majani, hadaiwi kufyeka. Mvua ikichimba mashimo, hadaiwi kufukia. Wewe mwenye haki ndiye unayeruhusiwa kuingia na kutengeneza kwa gharama yako, kiasi cha kufanya njia ipitike. Na mgeni akija akamwaga kokoto bila idhini yake, kwa kawaida halazimiki kwenda kupigana naye kwa niaba yako. Kanuni hii tumeirithi kwa Waingereza pamoja na sehemu kubwa ya sheria zetu za madai. Nikiifikiria naona ina haki ndani yake. Yule mama katoa sehemu ya kiwanja chake mpitie. Tumwongezee na kazi ya ulinzi?

Geti ni swali linaloulizwa sana. Mwenye kiwanja anaweza kuweka geti kwa usalama wake, mradi linafunguka kirahisi na una ufunguo. Geti la kufuli ambalo ufunguo anakaa nao yeye, na akisafiri kwenda msibani umekwama, huko ni kuzuia.

Aliyeziba ndiye mdaiwa wako wa kwanza. Huna haja ya kupitia kwa mwenye kiwanja kumfikia. Hili ndilo watu hawalijui: mwenye haki ya njia anaweza kumdai moja kwa moja mtu yeyote anayemzibia kwa kiasi kikubwa, hata kama huyo mtu hana ardhi yoyote pale. Mwenye kokoto, mwenye kontena, mama lishe aliyeweka meza, jirani aliyegeuza njia kuwa maegesho ya kirikuu chake. Neno "kwa kiasi kikubwa" litazame vizuri. Pikipiki iliyosimama dakika tano ikishusha mzigo si kesi. Kontena la wiki tatu ni kesi.

Wa tatu ni mwenye nyumba wako, uliyempa kodi. Huyu wapangaji wengi tunamsahau kabisa. Sheria ya Ardhi inaweka ndani ya kila mkataba wa pango, hata kama haukuandikwa, ahadi ya mwenye nyumba kwamba utatumia ulichopanga kwa utulivu bila yeye wala watu wake kukusumbua. Na aliyekupangisha stoo ambayo mlango wake ni kupitia njia ile hawezi baadaye kuiua njia hiyo kwa mkono wake. Jirani asiyehusiana naye akiziba, ahadi hiyo haimbani moja kwa moja, lakini yeye ndiye mwenye ardhi iliyobeba haki. Jina lake liko kwenye hati, lako halipo. Wewe kama mpangaji unaitumia haki yake na unaweza kulalamika mwenyewe, ila shauri linasimama vizuri zaidi yeye akiwa upande wako. Mpigie siku ya kwanza, siyo siku ya ishirini.

Sasa, kuna wakati mwenye kiwanja cha mbele anaacha kuwa mtazamaji. Kama yeye ndiye aliyempangisha mwenye kontena hapo juu ya njia na anapokea kodi, huyo ameziba kwa mkono wa mwenzake. Kama aliulizwa akasema "weka tu", vivyo hivyo. Na hata asipokuwa amesema kitu, akijua tatizo lipo kwenye ardhi yake, ana uwezo wa kulimaliza kirahisi, halafu akaliacha au akaanza kufaidika nalo, anaweza kujikuta ndani.

Kuna kesi ya Uingereza ya 1940 ambayo wanasheria hawachoki kuitaja, Sedleigh-Denfield dhidi ya O'Callaghan. Ilihusu mtaro, siyo njia. Halmashauri ililaza bomba kwenye mtaro uliokuwa ndani ya ardhi ya watawa, bila ruhusa yao. Wavu wa kuzuia takataka ukawekwa vibaya. Watawa wakajua, wakaendelea kuutumia mtaro kutoa maji yao, hawakurekebisha kitu. Siku bomba lilipoziba, maji yakafurika kwa jirani. Watawa wakasema: sisi hatukuweka bomba. Mahakama ikasema: mlijua, mliliacha, mlilitumia, mtalipa.

Umeona neno linalobeba kila kitu pale? Walijua. Ndiyo maana barua ni muhimu kuliko makelele. Ukimpigia mama wa watu kelele, kesho anaweza kusema hakuelewa ulichotaka. Ukimpelekea barua ya heshima yenye tarehe, nakala ukabaki nayo, kuanzia siku hiyo anajua. Hujamshtaki, umemjulisha. Akiwa mtu mwema atakusaidia, maana hata yeye kontena la mtu baki lililokaa kwenye ardhi yake ni uvamizi na ana haki yake kamili ya kuliondoa. Kwa kweli maslahi yenu ni mamoja. Dada wa viatu nilimshauri arudi kwa yule mama, aombe radhi kwa kelele, amwombe asaini barua moja tu kwamba hakumruhusu mwenye kontena. Mama kasaini, tena kaongeza kwa mkono wake kwamba njia ilikuwepo kabla hajanunua kiwanja. Hiyo karatasi haina bei.

Barua kwa aliyeziba isiwe ndefu wala ya matusi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Ndugu, tangu tarehe fulani umeweka kontena na kokoto kwenye njia inayotumiwa na wakazi na wapangaji wa nyumba ya nyuma. Vyombo vya usafiri havipiti na biashara yangu inapata hasara kila siku. Naomba uondoe vitu hivyo ndani ya siku saba, au uache nafasi ya kupita bodaboda na guta wakati ujenzi ukiendelea. Usipofanya hivyo nitapeleka suala hili kwenye vyombo vinavyohusika na kudai hasara. Nakala: mwenye nyumba wangu, mwenye kiwanja, ofisi ya serikali ya mtaa."

Hiyo sentensi ya kuacha nafasi usiitoe. Mara nyingi mtu anayejenga hana ubaya, hana tu pa kuweka kokoto. Ukimpa njia ya kutokea, anaitumia. Nusu ya ugomvi huu huishia kwa mwenyekiti wa mtaa juu ya kikombe cha chai, na unapata biashara yako kesho yake.

Usivunje. Narudia kwa herufi kubwa kabisa: USIVUNJE. Usikodi vijana wa kuhamisha nondo usiku, usitoboe ukuta. Hata kama njia ni yako kabisa, kuharibu mali ya mtu ni kosa la jinai, na mwenye kosa aliyekuwa yeye anageuka mlalamikaji, wewe unalala kituoni na viatu vyako bado viko stoo.

Akikaidi, unakwenda Baraza la Kata. Hapa kuna mabadiliko ambayo wengi hawana habari nayo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata haliamui tena nani mshindi kwenye migogoro ya ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Lina siku 30. Likishindwa linakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, unaenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila muafaka, unaweza kwenda Wilaya hata bila hicho cheti. Zinahesabiwa kuanzia siku uliyofungua shauri kata, hazihesabiwi kuanzia siku ulipoanza kulalamika mtaani. Kwa hiyo fungua mapema, hata kama mazungumzo bado yanaendelea. Mawakili hawaruhusiwi kukuwakilisha kata, kwa hiyo usidanganywe na mtu anayetaka hela ya wakili wa kata. Wilaya ndiko unakoomba zuio la muda ili kontena liondoke au ujenzi usimame kesi ikisikilizwa, na huko kweli kuwa na wakili kunasaidia.

Kama aliyeziba ni halmashauri yenyewe au taasisi ya serikali, njia ni nyingine. Huko kuna notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, na kesi inaanzia Mahakama Kuu. Hapo tafuta mwanasheria tangu mwanzo.

Kuhusu hasara, sisi wa mtandaoni tuna faida ambayo mwenye genge hana, na hatuitumii. Kila kitu chetu kimeandikwa. Mteja aliyesema "basi nirudishie hela", bodaboda aliyetuma sauti kwamba hafiki, muamala wa kurudisha pesa, oda iliyofutwa, vyote vina tarehe na saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii. Ila usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuhifadhi, na usitegemee picha ya skrini peke yake. Piga picha ya njia kila siku asubuhi, ionekane kontena na kitu kinachotambulisha sehemu. Na uwe na daftari la mauzo la miezi iliyopita, maana huwezi kuonyesha mauzo yameshuka kama hujui yalikuwa wapi. Mtu anayesema "nimepata hasara milioni tano" bila daftari haachiwi hata laki tano.

Upande wa pili wa shilingi tuuseme pia. Haki ya kupita ni ya kupita. Si ya kuegesha, si ya kupanga marobota nje, si ya kuweka bango. Na kama njia ilikuwa ya watu kwa miguu kwenda nyumbani kwao, wewe ukaigeuza ya Canter kushusha mzigo saa nane usiku, mwenye kiwanja ana haki ya kukulalamikia wewe. Wafundishe bodaboda wako wasisimame mlangoni kwa watu. Jirani aliyekerwa hatakuja kukutolea ushahidi.

Kwa mlioko kwenye mitaa ambayo haijapimwa, urasimishaji ukifika kwenu usikae nyumbani. Ule ndio wakati ambao majirani wanakubaliana nani anatoa hatua ngapi ili njia ipatikane, kisha inachorwa kwenye ramani. Wapangaji huwa tunasema hayatuhusu. Mkumbushe mwenye nyumba wako, nenda naye kwenye kikao kama ataruhusu, hakikisha uchochoro wenu umechorwa na upana wake umeandikwa.

Na kama sasa hivi ndiyo unatafuta stoo au fremu ya nyuma, kabla hujatoa kodi ya miezi sita tembea njia yote kutoka barabarani mpaka mlangoni. Uliza kila kipande ni cha nani. Muulize mwenye nyumba njia imeandikwa wapi. Akikwambia "hapa tunapita tu, hakuna anayesumbua", hiyo ni hisani, kwa hiyo punguza bei au tafuta kwingine. Ukiamua kuchukua, ongeza mstari huu kwenye mkataba, wote msaini na shahidi awepo:

"Mwenye nyumba anathibitisha kuwa mpangaji, wateja wake na wasafirishaji wake watatumia njia ya upana wa mita ___ kutoka barabarani hadi mlango wa stoo. Njia hiyo ikizibwa na mtu yeyote kwa zaidi ya siku saba, mwenye nyumba atashirikiana na mpangaji kuifungua, na kodi ya siku zote ambazo stoo haifikiki haitadaiwa, au kama imeshalipwa itafidiwa kwenye miezi inayofuata."

Wapo wenye nyumba watakaogoma kusaini. Muulize kwa upole sababu, halafu msikilize vizuri anavyojibu.